Taa Huwashwa Kabla ya Dhoruba



Wengi wetu huku Mbulu na Hanang hatujawahi kuiona bahari, nami ni mmoja wao. Dhoruba ya baharini naijua kwa picha tu. Moja haijanitoka kichwani: mnara wa taa wa Bell Rock, Uskoti, uliochorwa na Turner mwaka 1819, kisha Horsburgh akauchonga kwenye bamba ili uchapwe kitabuni mwaka 1824. Mawimbi yanaukwea mnara, meli zinahangaika, taa inawaka juu.

Katika falsafa tunasoma kwamba, kwa Kant, bahari iliyochafuka yaweza hata kutuvutia, mradi tunaitazama tukiwa salama. Ni kweli kwa aliyeshika picha mkononi. Lakini asubuhi ya Desemba 3, 2023, watu wa Katesh na Gendabi hawakuwa watazamaji. Sehemu ya Mlima Hanang iliyoloweshwa na mvua ilimeguka, tope likashuka na mawe na magogo, wakafa watu zaidi ya 80. Ilikuwa Dominika ya Kwanza ya Majilio, na Injili ya siku hiyo ilihusu kukesha.

Mfiwa akisema ni mapenzi ya Mungu, namwelewa. Ila sisi tunaojiandaa kuhubiri tusiyatumie maneno hayo kufunga maswali. Bila shaka mabaharia waliozama Bell Rock nao waliombewa. Hata hivyo, mwaka 1807 watu walianza kujenga juu ya mwamba unaofunikwa kila maji yanapojaa, na Februari 1, 1811, taa ikawashwa. Simulizi la kale linasema kwamba zamani Abate wa Arbroath alitundika kengele pale, ndiyo maana ya jina la mwamba.

Kengele hata sisi tunazo, ingawa vigango vingine hupiga rimu ya gari iliyoning'inizwa mtini. Napendekeza kila jumuiya ndogondogo iliyo chini ya mlima ikubaliane: mlio wa hatari ni upi, nani aupige, watu wakimbilie wapi, nani ambebe bibi asiyeweza kutembea. Yafanyike kabla ya mvua za vuli, si baada ya mazishi.

Mtu atasema hiyo ni kazi ya serikali. Ni kweli, inayo sehemu yake. Lakini tope likishuka, aliye karibu ni jirani.