Sekunde 16 za Bruce DeHaven

Tarehe 8 Januari 2000, mjini Nashville, timu ya Buffalo Bills ilikuwa ikiongoza kwa pointi 16 dhidi ya 15 za wenyeji wao, Tennessee Titans. Zilikuwa zimesalia sekunde 16 tu mechi ya mtoano imalizike. Katika kandanda ya Kimarekani, timu iliyofunga pointi za mguu ndiyo inayowapigia wapinzani mpira ili mchezo uendelee. Buffalo wakapiga. Mpira ulidakwa na Lorenzo Neal, akamkabidhi Frank Wycheck, na Wycheck, badala ya kukimbia nao mbele, akageuka akaurusha hadi upande wa pili wa uwanja, alikokuwa Kevin Dyson. Mbele ya Dyson palikuwa peupe. Alikimbia yadi 75 bila kuguswa. Waamuzi walitazama marudio ya video kuona kama pasi ile ilikwenda mbele, jambo ambalo lingekuwa haramu, wakasema bao ni halali. Tennessee wakashinda 22 kwa 16.

Siku chache baadaye Buffalo walimfukuza kazi mtu mmoja. Hakuwa kocha mkuu, wala mchezaji. Alikuwa Bruce DeHaven, kocha wa timu maalumu.

Wasomaji wangu wengi ni watu wa Simba na Yanga, Gor Mahia na AFC Leopards, hivyo nina wajibu wa kueleza cheo hicho. Katika mchezo huu kila timu ina vikosi vitatu: cha kushambulia, cha kulinda, na hicho kiitwacho timu maalumu, ambacho huingia uwanjani pale tu mpira unapopigwa kwa mguu. Ama ni kuanzisha mchezo, ama ni kuutupa mpira mbali na lango, ama ni kuupitisha kati ya milingoti miwili. Kikosi hiki hakina watu wake wa kudumu isipokuwa wapiga mpira wachache. Waliobaki ni wachezaji wa akiba waliokopwa kutoka vikosi vingine viwili, aghalabu vijana wasio na uhakika wa ajira ya mwezi ujao. Kocha wao huwafundisha kwa dakika anazopewa na wenzake, kisha hungoja pembeni. Zamu yake ikipita salama hakuna anayekumbuka jina lake, na ikiharibika huonyeshwa kwenye televisheni kwa miaka 20.

Ajabu ni kwamba kazi hiyo haina umri mrefu kama mchezo wenyewe. Mwaka 1969 George Allen alimwajiri Dick Vermeil katika timu ya Los Angeles Rams aishughulikie peke yake, na mwaka huohuo Marv Levy akapewa kazi ya namna hiyo Philadelphia. Kabla ya hapo ilikuwa kazi ya ziada ya mtu mwingine, kama vile shule isiyo na mwalimu wa hesabu inavyompa vipindi vyake mwalimu wa jiografia. Levy, ambaye nakiri kumpenda kwa sababu zisizo za kimichezo (ana shahada ya uzamili ya historia ya Uingereza kutoka Harvard), baadaye akawa kocha mkuu wa Buffalo. Alijua thamani ya cheo alichokipitia, na mwaka 1987 akamchukua DeHaven, mzaliwa wa Kansas, akampa kikosi hicho.

DeHaven alikaa hapo misimu 13. Chini yake Steve Tasker alipata sifa ya kitaifa karibu yote kwa kukimbiza mipira iliyopigwa mguu, jambo nadra sana. Januari 1993, Buffalo walipotoka nyuma 35 kwa 3 na kuwashinda Houston 41 kwa 38, moja ya nguzo za maajabu yale ilikuwa pigo fupi la kushtukiza ambalo mpigaji mwenyewe, Steve Christie, aliliwahi na kuuokota mpira. Hayo ni mafunzo ya mazoezini, si bahati. Hata hivyo ni wachache waliomtaja DeHaven siku ile.

Alishakuwa ameonja upande wa pili. Januari 1991, katika fainali ya Super Bowl mjini Tampa, Buffalo walikuwa nyuma kwa pointi moja, 20 kwa 19, sekunde 8 zikiwa zimesalia. Scott Norwood alipiga mpira kutoka yadi 47 ukapita kulia kwa mlingoti. Norwood alikuwa mtu wa kikosi cha DeHaven. Kesho yake maelfu ya watu wa Buffalo walikusanyika katikati ya mji wao kuipokea timu iliyoshindwa, nao wakaanza kuita jina la Norwood mpaka akasimama kuzungumza nao. Hakuna aliyefukuzwa. Umma ule, wenye majeraha mabichi, ulielewa kwamba mechi ya dakika 60 haipotezwi na mguu mmoja.

Miaka tisa baadaye busara hiyo ilikuwa wapi? Tuitazame mechi ya Nashville kwa haki. Yapo ya kumlaumu DeHaven: wachezaji wake walivutwa na upande wa kwanza wa mpira, upande wa pili ukabaki bila mlinzi, na kuziba njia zote ndiyo kazi aliyolipwa kuifundisha. Silikwepi hilo. Lakini hila ile ilikuwa imeandaliwa na kocha mwenzake wa timu maalumu, Alan Lowry, na Dyson mwenyewe hakuwa chaguo la kwanza kwa nafasi ile. Aliingizwa kwa sababu wenzake waliumia, akaelezwa la kufanya pale pale pembeni mwa uwanja. Kuna mambo ambayo mtu hushindwa kwa sababu mpinzani naye ana akili.

Na kuna lililotangulia. Kabla ya mechi hiyo, kocha mkuu Wade Phillips alimweka benchi Doug Flutie, mrusha mpira aliyeibeba timu karibu msimu mzima, akamwanzisha Rob Johnson. Phillips baadaye alisema kwamba agizo lilitoka kwa mwenye timu, Ralph Wilson. Watu wa Buffalo wanabishana juu ya uamuzi huo mpaka leo. Sasa tujiulize: kati ya uamuzi wa ofisini uliochukuliwa kwa siku kadhaa na kosa la uwanjani lililotokea kwa sekunde chache, ni lipi lililolipiwa?

Kiswahili kina maneno mawili ambayo wanasiasa wetu hupenda kuyachanganya. Kuwajibika ni tendo la mtu mwenyewe: anatazama alichokifanya, anakisimamia, analipa gharama. Kuwajibishwa ni tendo la aliye juu kwa aliye chini. La pili linaweza kuwa la haki, na mara nyingi ni la lazima. Kasoro yake ni kwamba mwenye mamlaka ya kuwajibisha ndiye anayechagua pa kuanzia, na hajaumbwa mtu wa kupenda kuanzia kwake. Hivyo hutafutwa mtu ambaye kosa lake linaonekana kwa macho na ambaye kuondoka kwake hakutatikisa kiti cha yeyote. Kocha wa timu maalumu anafaa kwa vigezo vyote viwili.

Sisemi haya kama mtu msafi. Miaka kadhaa iliyopita niliketi katika kamati ya idara moja ya chuo iliyochunguza matokeo ya mtihani yaliyovurugika. Sote tulijua ratiba ilibanwa na wakubwa na kwamba usahihishaji ulifanywa kwa haraka isiyo ya kawaida. Aliyeingiza alama kwenye kompyuta alikuwa mhadhiri msaidizi wa mkataba. Ripoti ilimtaja yeye, na mkataba wake haukuhuishwa. Sahihi yangu imo katika ripoti hiyo. Niliposoma habari za DeHaven nilijikuta nikimfikiria kijana yule kuliko Dyson.

Kisa cha Buffalo kina sura nyingine ambayo hainipi usingizi. Msimu uliofuata timu maalumu za Buffalo zilikuwa mbovu zaidi, chini ya kocha mpya, Ronnie Jones. Msimu ulipokwisha Wilson akataka Jones naye aondolewe. Safari hii Phillips alikataa, akafukuzwa yeye. Sijui alichowaza, na sitamfanya shujaa mtu aliyemwacha DeHaven aende mwaka mmoja kabla. Ninachoweza kusema ni kwamba agizo lilikuwa lilelile, na mara ya pili alilikataa kwa gharama ya kazi yake. Buffalo hawakurudi katika mtoano hadi msimu wa 2017.

DeHaven alipata kazi San Francisco, kisha Dallas, kisha Seattle. Mwaka 2010 Buffalo walimrudisha, chini ya mwenye timu yuleyule, katika cheo kilekile. Mwaka 2013 akahamia Carolina. Mwaka 2015 aligunduliwa kuwa na saratani ya tezi dume, lakini Februari 2016 alikuwepo Super Bowl, na huko Denver walirudisha mpira wa mguu yadi 61 dhidi ya kikosi chake, urefu ambao hadi wakati huo ulikuwa haujawahi kuonekana katika fainali hiyo. Aliyeukimbiza aliitwa Jordan Norwood. Carolina walishindwa 24 kwa 10, na safari hii hakuna aliyemfukuza. Alifariki dunia tarehe 27 Desemba mwaka huo, akiwa na umri wa miaka 68.

Mhadhiri msaidizi yule sasa anafundisha katika chuo kingine. Nimemwandikia barua wiki iliyopita, imechelewa kwa miaka sita, na bado sijapata jibu.