Hidaya si pato, lakini ithibitishwe vipi?

Kodi ya mapato, kama jina lake linavyoeleza, hutozwa mapato. Kifungu cha 3 cha Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 470, kinavitaja vyanzo vyake: biashara, ajira, upangishaji wa nyumba, gawio la hisa, riba, pensheni na vinginevyo vya aina hiyo. Fedha ambazo ndugu humtumia nduguye kwa mapenzi tu hazimo katika orodha hiyo. Mtu angedhani kwamba mjadala umekwisha. La hasha. Ugomvi huzuka pale inapoulizwa ni nani anayepaswa kuonyesha kwamba fedha fulani zilizoingia benki zilikuwa hidaya kweli.

Sheria imelijibu swali hilo bila kumung'unya maneno. Kifungu cha 56 cha Sheria ya Taratibu za Kodi ya mwaka 2015 kinamtwika mlipa kodi mzigo wa kuthibitisha kwamba uamuzi wa Kamishna una kasoro. Maafisa wa Mamlaka ya Ushuru, KRA, huzichukua taarifa za benki, wakajumlisha fedha zote zilizoingia, wakazilinganisha na mapato aliyoyatangaza mwenye akaunti. Tofauti isiyoelezeka huhesabiwa kuwa pato lililofichwa. Asiyeweza kueleza hulipa.

Hapa Kiembeni ninakoishi, upande huu wa Kisauni, si vigumu kuona jinsi utaratibu huo unavyoweza kumnasa mtu asiye na hatia. Tuchukue mfano wa kubuni wa mwalimu anayepata shilingi 50,000 kwa mwezi. Nduguye aliyeko Doha humtumia shilingi 40,000 kila mwezi amjengee mama yao nyumba. Kwa mwaka ni 480,000. Mwaka huohuo ukoo unaoza binti, na kwa kuwa mwalimu ndiye mwaminifu wao, michango ya harusi, shilingi 350,000, inapitia simu yake hadi benki. Kisha mzee anafariki, na ubani unafika 130,000. Jumla ni shilingi 960,000, ambazo hata senti moja yake haikuwa jasho la mwalimu. Zikichukuliwa kuwa pato na kutozwa kwa kiwango cha asilimia 30, kodi yake ni shilingi 288,000, karibu mshahara wake wa miezi 6. Juu yake kuna adhabu ya asilimia 5 ya kuchelewa kulipa, na riba ya asilimia 1 kwa kila mwezi.

Wala tusijidanganye kwamba mfano huu ni wa watu wachache. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, fedha zilizokuwa zikipitia mikononi ndani ya bahasha sasa huacha nyayo. Fedha zilizotumwa nyumbani na Wakenya walio ng'ambo zilikaribia dola bilioni 5 mwaka 2024. Sehemu kubwa ya fedha hizo hutoka kwa mwana kwenda kwa mzazi, au kwa kaka kwenda kwa dada, na ni nani katika jamaa zetu amtakaye mwanawe mkataba kabla ya kupokea ya mboga?

Hata hivyo, simlaumu afisa wa ushuru kwa shaka yake. Neno "zawadi" ni kichaka kizuri cha kujifichia. Mfanyabiashara asiyetaka kutangaza mauzo yake atadai kapewa na shemeji. Mla rushwa atadai vivyo hivyo. Nchini India, ambako mashauri ya namna hii yameijaza mahakama kwa miongo mingi, majaji walikuwa wakidai mambo matatu chini ya Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 1961: mpaji ajulikane ni nani, ionekane kwamba alikuwa na uwezo wa kutoa, na tendo lenyewe la kutoa liwe la kweli. Mwaka 2007 Mahakama Kuu Kabisa ya nchi hiyo ilishikilia kwamba fedha kupitia benki peke yake si ushahidi wa kutosha. Mizani hiyo naiona ya haki. Wanazuoni wa hiba nao wana nguzo zao: mpaji atamke, mpokeaji akubali, na kitu kikabidhiwe. Tofauti ni kwamba hiba haikulazimisha karatasi, na mtoza ushuru hana macho mengine ila karatasi.

Basi karatasi gani? Kwa fedha za Doha, mwalimu wetu ahitaji hati za benki au za simu zenye jina la mtumaji, barua ya ajira ya nduguye au hati ya mshahara wake, na risiti za saruji, mawe na mabati. Kiapo mbele ya wakili husaidia, lakini kiapo kisicho na hati nyuma yake ni maneno tu. Kwa michango ya harusi, ushahidi tayari uko majumbani mwetu, ingawa hatuujui thamani. Kina mama wetu huandika katika daftari nani katunza nini, ili siku ya zamu ya mwenziwe warudishe kwa kipimo kilekile. Daftari hilo, lenye tarehe, majina na viwango, likilinganishwa na taarifa ya simu, huzungumza kuliko kiapo. Kwa bahati mbaya hutupwa, ilhali sheria yadai kumbukumbu zihifadhiwe miaka 5.

Muda nao ni mfupi. Pingamizi lapaswa kuwasilishwa katika siku 30 baada ya kuarifiwa makadirio, likiwa na sababu bayana na hati za kuliunga mkono. Kamishna ana siku 60 za kuamua. Asiyeridhika hukata rufani mbele ya Baraza la Rufani za Kodi, kisha Mahakama Kuu.

Walimu wenzangu nao wasijifiche katika kichaka nilichokitaja. Bahasha ya wazazi kwa kuwa watoto wao wamefaulu, au malipo ya masomo ya ziada yaliyobatizwa jina la shukrani, ni vigumu kuyaita hidaya. Sheria huyahesabu malipo ya huduma kuwa pato la ajira, liwe jina liwalo.

Kasoro ya sheria yetu, kwa maoni yangu, ni kwamba imemtwika raia mzigo bila kumwambia uzito wake. Sheria ile ya India ya 1961 iliweka mpaka: zawadi za jamaa wa karibu na zile anazopewa mtu siku ya harusi yake hazikutozwa kodi, na za watu wa kando zilitozwa zilipozidi rupia 50,000 kwa mwaka. Sheria yetu haina kiwango kama hicho, wala haikueleza jamaa ni nani. Kila mwaka Mswada wa Fedha hufikishwa bungeni, na kifungu cha 118 cha Katiba ya mwaka 2010 kinalitaka Bunge liwashirikishe wananchi. Ningependa vyama vya walimu vipeleke pendekezo la mambo mawili: kiwango cha mwaka ambacho chini yake fedha kutoka kwa mzazi, mwana, ndugu au mke na mume hazitahojiwa, na orodha ya ushahidi ambao afisa hawezi kuukataa bila kutoa sababu kwa maandishi. Daftari la harusi liwemo.