Neema ya Chai ni ya Nani?

Apitaye leo katika vilima vya Nyeri, Kisii au Kericho huona mengi ya kumpendeza: michai iliyokatwa sawasawa, nyumba za mawe zilizoezekwa kwa mabati, ng'ombe wa maziwa zizini, na watoto waliovaa sare wakienda shule. Basi husema, "Hakika watu wa huku wameneemeka." Nami sikatai kwamba neema ipo. Ninalobishania ni neno hilo "watu." Ni watu gani?

Tutazame kwanza mambo yalivyoanza. Chai ilipandwa Limuru mwaka 1903, lakini kwa miaka mingi ya ukoloni ilikuwa mali ya walowezi na makampuni makubwa. Mwaka 1954 ulitolewa Mpango wa Swynnerton, uliotaka mashamba ya Waafrika yaliyotawanyika yaunganishwe, yapimwe na kuandikishwa, na wenyewe wapande mazao ya thamani. Mwaka 1957 kiwanda cha Ragati kilijengwa huko Nyeri kwa ajili ya wakulima wadogo, na mwaka 1964 likaundwa shirika la KTDA la kuwahudumia. Leo wakulima hao ni zaidi ya laki 5, nao ndio watoao zaidi ya nusu ya chai ya Kenya. Hiyo ni kazi kubwa, na asiyeistahi hana haki.

Walakini, palepale penye sifa ndipo penye kasoro. Mashamba yalipoandikishwa, mengi mno yaliandikwa kwa jina la mume peke yake. Kiwanda nacho, kilipotoa nambari ya mkulima, kilimpa mwenye shamba. Tangu hapo nambari moja husimama badala ya nyumba nzima, wala karani haulizi mikono iliyochuma ni ya nani.

Basi na tuitazame mikono hiyo. Michai huchumwa kila baada ya siku 7 hadi 14, mvua inyeshe isinyeshe. Mchumaji huingia shambani umande ungalipo, akachuma majani mawili na chipukizi, kwani jani gumu hukataliwa kituoni. Kikapu kikijaa hukibeba mgongoni hadi penye mizani, kisha hungoja lori, pengine hata giza liingie, maana majani yakilala yataharibika. Kilo 4 hadi 5 za majani mabichi ndizo zitoazo kilo 1 tu ya chai kavu. Katika nyumba nyingi kazi hiyo ni ya mke, naye akitoka huko angali na kuni, maji na chakula cha jioni vinamngoja. Lakini kilo zake huandikwa katika nambari ya mumewe, na bonasi ya mwaka huingia katika akaunti ya mumewe. Hata wakurugenzi wa kiwanda wakichaguliwa, mwenye kupiga kura ni yule yule mwenye nambari.

Wako watakaonijibu kwamba mali ya nyumba ni moja. Ikiwa ni moja, mbona mmoja huiomba na mwingine huitoa?

Wengine husema kwamba ubaya wote ni ulevi, na hupenda kusimulia habari za mume aliyeimaliza bonasi mjini kwa siku tatu. Kisa hicho huchekesha, nacho hutupoteza njia. Mume asiyeonja pombe hata tone bado ana uwezo wa kutoa au kunyima kama apendavyo, na mke atakuwa anaishi kwa hisani ya mtu juu ya jasho lake mwenyewe. Kumhubiria mlevi ni kazi njema, lakini haibadilishi daftari la kiwanda.

Sheria imekwisha kutangulia. Katiba ya mwaka 2010 inakataza ubaguzi wa kijinsia katika mambo ya ardhi, na Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 huihesabu kazi ya shambani kuwa ni mchango katika mali. Hata pale ambapo shamba ni la urithi wa mume, mke aliyeliendeleza hupata haki kwa kadiri ya mchango wake. Lakini atauthibitishaje mchango huo mbele ya hakimu, ikiwa risiti zote za miaka 20 zina jina la mtu mwingine?

Wapo waume waliokwisha kuwagawia wake zao sehemu ya michai na kuwaandikisha kwa nambari zao wenyewe. Wenye hofu husema mashamba yatazidi kukatwakatwa, nayo ni madogo tayari. Hofu hiyo haina msingi: kinachogawanywa ni malipo, na mipaka ya shamba hubaki ilipokuwa. Ninyi wanafunzi mtokao katika vilima hivyo, mkifunga shule, ombeni mwonyeshwe risiti ya chai nyumbani kwenu, msome jina lililoandikwa juu yake, kisha mwulize ni nani aliyekwenda kituoni siku ile.