Kiwanja cha Shemeji na Kompyuta ya Baiskeli

Mwezi wa Oktoba uliopita nilikwenda Kabonga kumsaidia shemeji yangu, mume wa dada, katika shauri la kiwanja. Tangu Ziwa Tanganyika lilipofurika mwaka 2021, na tena 2024, watu wa ufuko huu, toka Rumonge hadi mpakani, hawanunui ardhi bila kuuliza ziwa liko chini kiasi gani. Shemeji alikuwa amekwisha kupata jibu lake. Mwanawe aliyeko Ubelgiji alimletea baiskeli yenye kompyuta ndogo usukanini, nayo ilisema kiwanja kiko mita 31 juu ya maji. Kwa macho yangu, hazikufika tano.

Nikamwuliza, "Shemeji, ulipima saa ngapi?" Akasema aliandika namba ya kwanza ufukoni saa nne asubuhi, akapita sokoni, akala, akaandika ya pili kiwanjani saa kumi alasiri. Hapo ndipo kosa lilipojificha.

Yafaa ieleweke kwamba kifaa hicho hakioni mlima wala bonde. Ndani yake mna barometa ipimayo mgandamizo wa hewa, na hewa hupungua kadiri tunavyopanda. Kwenye kimo cha ziwa letu, yapata mita 770 juu ya bahari, mgandamizo ukishuka kwa hektopaskali moja, kifaa huhesabu kwamba umepanda mita 9. Lakini mgandamizo hushuka hata kwa mtu aliyeketi kitako. Katika nchi za joto hufikia kilele mnamo saa nne asubuhi na kushuka hadi saa kumi alasiri, karibu kila siku, kwa kiasi cha hektopaskali tatu. Hizo ni mita 27. Shemeji angeiacha baiskeli imeegemea mchikichi pale pale ufukoni, bado ingempandisha mlima! Na tundu dogo la kupitishia hewa likizibwa na jasho au mvua, mambo huzidi kuharibika.

Kijana mmoja aliyekuwa akitusikiliza akashauri tuiache barometa, tufuate setilaiti peke yake. Nayo ina kasoro. Setilaiti zote ziko juu yetu, hakuna hata moja chini ya miguu, kwa hiyo kosa la kimo kwa kawaida huwa kubwa kuliko kosa la mahali. Ramani za kompyuta nazo? Nyingi zimetokana na vipimo vya rada vilivyochukuliwa na chombo cha anga cha Marekani Februari 2000, kwa miraba ya mita 30 hivi. Penye mteremko mkali mraba mmoja hubeba juu na chini pamoja, na penye michikichi mingi mawimbi ya rada hurudi kabla ya kufika ardhini.

Sisemi kifaa hakina kazi. Kijana apandaye na madumu ya mawese akikosewa mita 20, haibiwi kitu. Mwenye kujenga nyumba ndiye wa kujihadhari.

Kesho yake tulipima upya: ufukoni, kiwanjani, kisha ufukoni tena, yote kwa muda usiozidi nusu saa, ili hewa isipate nafasi ya kutuchezea. Tukapata mita 4. Fundi mwashi akaleta mpira wake mwembamba unaopitisha nuru, akaujaza maji, akapanda nao hatua kwa hatua kwa vijiti. Maji ya ncha mbili husimama usawa mmoja, hayahitaji betri. Akapata mita tatu na nusu. Tena, Oktoba ziwa huwa karibu na kimo chake cha chini kabisa. Kufikia Mei, katika mwaka wa kawaida, hupanda karibu mita moja.

Shemeji akaguna. Malipo ya awali alikwisha kuyatoa, na muuzaji anasema fedha hairudi.

Dada, ambaye siku ya kompyuta hakuulizwa neno, alitusubiri tumalize kukunja mpira, akatupeleka kwenye mchikichi mmoja na kutuonyesha mstari wa matope wa mwaka 2024 kwenye shina. Mti ule uko hatua sita ndani ya mpaka wa kiwanja.