Mtoto anapobisha mlango wa mwalimu mshauri

Muhula wa pili ukifika, wazazi wengi hapa Kenya hulala simu zikiwa karibu. Ndio muhula wa migomo na wa mabweni kuchomwa. Makanisani tunaziombea shule, na ni vyema. Ila kuna ombi tusilolisikia sana: kwamba kila shule ipate mtu aliyefunzwa kumsikiliza mwanafunzi kabla hajafika pa kushika kiberiti.

Machi 2001, wavulana 67 waliteketea usiku katika bweni la shule ya Kyanguli, Machakos, kwa moto uliowashwa makusudi. Mwaka huohuo serikali ilipiga marufuku kiboko shuleni, na matumaini yakawekwa kwenye ushauri nasaha. Kiboko kikaondoka, angalau katika sheria. Kiti cha mshauri nacho, katika shule nyingi, kilipewa mwalimu ambaye tayari ana vipindi vyake vya Hisabati, madaftari ya kusahihisha na zamu ya wiki. Chumba hana, saa maalumu hana. Pengine ndiye huyohuyo anayeketi kwenye kamati ya nidhamu. Sasa niambie, ndugu msomaji, ni mtoto gani atamfungulia moyo mtu ambaye kesho huenda akamwandikia barua ya kusimamishwa masomo?

Tumeizoea kazi hii kama kazi ya watoto watundu. Sivyo. Mshauri humpokea aliyefiwa na mama katikati ya muhula, anayesinzia darasani kwa sababu nyumbani usiku ni vita, na yule mwenye alama nzuri ambaye hataki tena kuishi na hakuna aliyetambua. Humpokea pia mwanafunzi wa Gredi ya 9 anayetakiwa kuchagua njia moja kati ya tatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Mara nyingi baba ameshamchagulia udaktari.

Soma tena 1 Samweli 3. Kijana anaamka usiku mara tatu, anamkimbilia Eli. Mzee huyu alikuwa ameshindwa na wanawe mwenyewe, macho yake yamefifia, tena anaamshwa usingizini. Hakumkemea. Mara ya tatu alitambua kwamba sauti ile haikuwa yake, akamfundisha kijana namna ya kuisikiliza, akamrudisha alipokuwa amelala. Hakwenda kusikiliza kwa niaba yake. Asubuhi alitaka kuambiwa yote, hata yale mabaya yaliyohusu nyumba yake, na aliyapokea. Huo ndio unasihi hasa. Wengi wetu, wachungaji tukiwemo, tungemaliza shauri mara ya kwanza kwa hotuba ya nusu saa.

Jambo hili linatuhusu kwa sababu shule nyingi za umma zilianzishwa na makanisa, na makanisa hayo bado ni wafadhili wake. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inampa mfadhili nafasi ya kushauri katika mambo ya kiroho, ikiwemo kumweka kasisi wa shule kwa gharama yake mwenyewe. Tunapenda kuipigania nafasi hiyo wakati wa kuteua mwalimu mkuu. Kwenye gharama hatusikiki sana. Kasisi akipatikana, mara nyingi huja kuhubiri Jumapili na kuondoka. Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku saba kimya, na shida ilianza walipofungua midomo.

Kuna jingine zito zaidi. Mshauri hutunza siri, lakini si kila siri. Mtoto akisema ananajisiwa, iwe na mjomba, mwalimu au mzee wa kanisa, mshauri aliyefunzwa anajua kwamba hapo lazima apelekwe hospitali na polisi wajulishwe. Sisi tuna desturi ya kuita kikao, kuomba, na kupatanisha familia. Maombi hayo humrudisha mtoto chumba kilekile alikoumizwa.

Kwa kijana au mwalimu anayevutwa na kazi hii, njia ipo. Kwa shahada, kwa kawaida huhitajika wastani wa C+ katika mtihani wa Kidato cha Nne. Mwenye alama ya chini kidogo huanza na stashahada. Saikolojia ya ushauri inafundishwa Kenyatta, na pia katika vyuo vikuu vya Kikristo kama Daystar na Pan Africa. Masomo ya darasani hayatoshi: mwanafunzi hukaa na watu wenye shida chini ya msimamizi, na aghalabu hutakiwa yeye mwenyewe kupokea ushauri, apate kujua majeraha yake yasije yakasema badala ya mtoto. Sheria ya 2014 iliunda bodi ya kuwasajili washauri na wanasaikolojia. Anayetaka kuajiriwa na serikali kama mwalimu anahitaji pia kusajiliwa na TSC.

Karo ya masomo hayo si ndogo, na mwalimu mwenye familia husoma likizoni, Aprili, Agosti na Desemba. Harambee za vipaza sauti vipya tumezifanya nyingi. Karo ya mwalimu mmoja, katika shule ambayo jina la kanisa letu liko langoni, ingeweza kuingia kwenye bajeti ya mwaka huu.