Kimanzi asiitwe tu nyumba inapowaka moto

Mnamo Januari 2025, wiki chache baada ya Mturuki Engin Firat kuondoka, Shirikisho la Soka Kenya (FKF) lilimwita Francis Kimanzi aiongoze Harambee Stars kama kaimu kocha katika Kombe la Mapinduzi kisiwani Pemba. Vijana wake waliilaza Tanzania Bara 2-0 ugani Gombani. Kufikia Machi, mikoba ilikuwa mikononi mwa Benni McCarthy wa Afrika Kusini.

Kimanzi alikuwa ameshaizoea hali hiyo. Hii ilikuwa mara yake ya nne kuaminiwa timu ya taifa, na ya nne kuondoka kabla kazi haijakomaa.

Alichezea Mathare United, klabu iliyozaliwa na chama cha vijana cha MYSA kilichoanzishwa mwaka wa 1987. Katika ligi za chama hicho, timu ilijizolea alama kwa mabao na pia kwa kuzibua mitaro na kuzoa taka mtaani. Alipotundika daluga aligeukia ukufunzi, na mwaka wa 2008 Mathare ikatwaa ubingwa wa Ligi Kuu chini yake.

Mwaka huohuo alikuwa pia na Harambee Stars. Kenya iliichapa Guinea 2-0 na Zimbabwe 2-0 jijini Nairobi, ikatinga raundi ya mwisho ya mechi za kufuzu Kombe la Dunia la 2010. Desemba ilipofika, ilikuwa nambari 68 katika orodha ya FIFA, nafasi ambayo haijawahi kuipita hadi leo.

Mwanzoni mwa 2009 akapigwa kalamu. Mjerumani Antoine Hey alipewa timu hiyo, na mwaka haukuisha kabla naye hajaondoka. Katika raundi ambayo Kimanzi alikuwa ameifikia, Kenya ilishinda mechi moja tu kati ya sita na kuburura mkia kundini.

Kimanzi aliporejea, hadithi ilikuwa ileile. Alitimuliwa Juni 2012, akaletwa Mfaransa Henri Michel, ambaye hakumaliza mwaka. Mnamo 2019 Kimanzi akaitwa tena. Novemba hiyo, huko Alexandria, Misri ilitangulia kupitia kwa Kahraba, lakini kipindi cha pili Michael Olunga akasawazisha na Kenya ikaondoka na sare ya 1-1. Oktoba 2020, siku chache tu baada ya kuilaza Zambia 2-1 katika mechi ya kirafiki, Kimanzi na FKF wakaachana.

Si kwamba makocha wa kigeni hawafai. McCarthy, mshambuliaji wa zamani aliyebeba Ligi ya Mabingwa Ulaya na Porto mwaka wa 2004, aliwapa Wakenya raha katika CHAN mnamo Agosti 2025: Stars iliifunga Morocco 1-0 Kasarani, na Morocco hao ndio waliokuja kuwa mabingwa. Kilichomsaidia ni kupewa timu, wasaidizi na muda wa kujiandaa. Kimanzi naye alistahili hayo.

Kubadilisha makocha kiholela kuna gharama pia. Kesi ya Adel Amrouche, aliyefutwa kazi mwaka wa 2014, iliiachia FKF deni la zaidi ya shilingi milioni 100, na FIFA ikatishia kuiondoa Kenya katika mechi za kufuzu Kombe la Dunia. Fedha kama hizo zingesomesha makocha wengi wa mitaani.

Hao ndio wanaoumia zaidi. Kuanzia Kibera hadi Kawangware na kwingineko, anayewafunza watoto jioni kwa kawaida ni mchezaji wa zamani mwenye filimbi shingoni, mipira miwili iliyochakaa na seti moja ya jezi zinazopokezanwa. Ili apande ngazi anahitaji leseni za CAF, moja baada ya nyingine, na kila kozi ina ada yake na siku za kukosa kibarua. Akimtazama Kimanzi, mwenye ubingwa wa ligi na rekodi ya timu ya taifa, akaona anaitwa tu pakiharibika, atajiuliza ajinyime kwa ajili ya nini.

FKF inaweza kuanza na mambo mawili. Kwanza, kocha yeyote wa taifa, Mkenya au mgeni, apewe mkataba wa mzunguko mzima wa kufuzu, wenye malengo yanayotangazwa hadharani, na asitolewe kabla malengo hayo hayajapimwa. Pili, sehemu ya mapato ya mechi za Stars pale Kasarani na Nyayo itengwe kila mwaka kulipia ada za leseni za wachezaji wa zamani wanaofunza mitaani, na majina ya waliofaidika yachapishwe ili wazazi wa Kawangware na Kibera wajue nani anawafunza watoto wao na amefika ngazi gani.