Alizeti, shilingi ya Waziri na swali linalochelewa

Kati ya Aprili na Julai mambo mawili huenda pamoja katika mikoa ya kanda ya kati. Mkulima wa Iramba, Kondoa au Kongwa anavuna alizeti na mtama, na hapo Dodoma mjini wabunge wanajadili na kupitisha bajeti ya Serikali. Soko la Kibaigwa, kando ya barabara kuu ya Morogoro, huanza kujaa magunia, na katika vibanda vya mama lishe redio hufunguliwa saa 3:00 asubuhi kusubiri kipindi cha maswali na majibu.

Nimekaa mara kadhaa katika vibanda hivyo nikifuatilia bei za mazao. Mbunge akimbana waziri, benchi zima hushangilia. Ukiuliza nusu saa baadaye waziri ameahidi kiasi gani na kwa tarehe ipi, ni wachache wanaokumbuka. Si kosa lao. Mara nyingi hakuna kiasi wala tarehe iliyotajwa.

Ibara ya 63 ya Katiba inalipa Bunge madaraka ya kuisimamia na kuishauri Serikali. Silaha ya kwanza inayotajwa katika ibara hiyo ni kumwuliza waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Ya pili ni kujadili utekelezaji wa kila wizara wakati wa mkutano wa bajeti. Kwa maandishi, silaha hizi ni kali. Swali ninalotaka kulijadili ni kwa nini mkulima wa alizeti anaweza kupoteza nusu ya mapato yake huku zote mbili zikitumika kila siku.

Tuanze na kipindi cha maswali chenyewe. Swali la msingi hupelekwa mapema kwa maandishi, wizara inaandaa jibu, na mara nyingi ni naibu waziri anayelisoma. Kinachoweza kumshtua ni maswali ya nyongeza, ambayo hakuyaona kabla. Kwa bahati mbaya nafasi hiyo hutumika zaidi kuombea jimbo jingine mradi ule ule: je, Serikali haioni umuhimu wa kujenga bwawa na kwangu pia? Naye naibu waziri anajibu kwamba Serikali inatambua umuhimu huo, upembuzi yakinifu unaendelea, na ujenzi utaanza kadiri fedha zitakapopatikana. Bwawa la Farkwa wilayani Chemba limepita katika lugha hiyo kwa zaidi ya miaka kumi.

Jibu la namna hiyo haliwezi kuwa la uongo, na hapo ndipo ubaya wake ulipo. Halina kitu ambacho mwakani mtu anaweza kukipima.

Silaha ya pili ina meno zaidi. Waziri wa Kilimo akishasoma hotuba yake na mjadala ukaisha, Bunge hukaa kama Kamati ya Matumizi na kupitia mafungu. Fungu 43 ni la wizara yenyewe, Fungu 05 la Tume ya Taifa ya Umwagiliaji, Fungu 24 la Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Hapa mbunge asiyeridhika anaweza kutoa hoja ya kuondoa shilingi moja katika mshahara wa waziri, jambo ambalo magazeti yetu hupenda kuliita kushika shilingi. Shilingi moja hainunui hata kiberiti, lakini hoja hiyo humlazimisha waziri kusimama na kujieleza, na wenzake wakiiunga mkono mjadala unaweza kuwa mkali. Aghalabu huishia kwa waziri kutoa ahadi na mbunge kurudisha shilingi. Muda ukiisha inakuja gilotini: mafungu yaliyobaki yanapitishwa kwa mkupuo bila kuhojiwa, hata kama yana mabilioni.

Msomaji asije akadhani nadharau kazi hiyo. Wabunge walilalamika miaka mingi kwamba kilimo kinaitwa uti wa mgongo huku kikipewa makombo, na fedha zikaongezeka. Bajeti ya Wizara ya Kilimo ilikuwa Sh bilioni 294 mwaka 2021/22. Mwaka uliofuata ilifika Sh bilioni 954, na mwaka 2024/25 ikavuka Sh trilioni 1.2. Umwagiliaji pekee ulitoka Sh bilioni 46.5 hadi Sh bilioni 361.5 kwa mwaka mmoja. Hata hivyo, bajeti nzima ya Serikali mwaka 2024/25 ilikuwa Sh trilioni 49.35, hivyo fungu la wizara hii lilikuwa kama asilimia 2.5. Hata ukijumlisha mifugo, uvuvi na taasisi nyingine, asilimia 10 iliyokubaliwa na nchi za Afrika mjini Maputo mwaka 2003 bado ni mlima.

Lakini fedha iliyoidhinishwa si fedha iliyotolewa. Katika hotuba ya waziri huwa kuna aya fupi inayosema hadi mwezi fulani wizara ilikuwa imepokea kiasi gani kutoka Hazina, kati ya kiasi kilichopitishwa. Mimi huanza kusoma hotuba kwa kuitafuta aya hiyo. Ningependa wabunge nao waanzie hapo, kisha waulize kila robo mwaka badala ya kusubiri Mei, mwezi ambao mwaka wa fedha umebakiza wiki chache tu kufungwa.

Sasa turudi kwenye alizeti. Zaidi ya nusu ya mafuta ya kula yanayotumika nchini yamekuwa yakitoka nje, mengi yakiwa ya mawese. Mwaka 2018/19 Serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ghafi kutoka asilimia 10 hadi 25, na yaliyosafishwa kutoka asilimia 25 hadi 35, kwa lengo la kumlinda mkulima wa ndani. Mwaka 2021 Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alizindua mjini Singida kampeni ya kuongeza uzalishaji wa alizeti, na mikoa ya Singida, Dodoma na Simiyu ikawa mstari wa mbele. Mbegu zilisambazwa kwa bei nafuu. Wakulima waliitikia, kuna walioacha mtama wakapanda alizeti mpaka mlangoni.

Mwaka 2022 vita ya Ukraine ikapandisha bei ya mafuta ya kula dunia nzima. Wananchi wa mijini walilia, na Serikali ikalegeza ushuru wa mafuta ya nje. Kwa mama wa Manzese uamuzi ule ulikuwa na mantiki. Ila msimu wa 2023 ulipofika, mafuta ya nje yakiwa yamejaa na bei ya dunia imeshuka, bei ya alizeti ilianguka. Wabunge wa kanda ya kati walisimama bungeni kuihoji Serikali. Walichelewa.

Walichelewa kwa sababu mbili, na zote zinahusu namna maswali yanavyopangwa.

Ya kwanza ni kwamba kila swali lina mlango wake. Mbegu ni za Wizara ya Kilimo, ambayo bajeti yake hujadiliwa Mei. Ushuru ni wa Wizara ya Fedha, ambayo hubanwa Juni. Viwanda vya kukamua navyo vina waziri wao. Mei waziri anaulizwa mbegu zimegawiwa tani ngapi, anajibu vizuri, anapigiwa makofi. Juni mwenzake anaulizwa mfumuko wa bei, naye anajibu vizuri. Hakuna siku mtu mmoja amelazimika kueleza kwa nini Serikali ile ile inamwambia mkulima panda zaidi na mwagizaji ingiza zaidi. Hasara ya mkulima ilikaa katikati ya wizara mbili, mahali ambapo swali halifiki. Mtu pekee anayewajibika kwa zote ni Waziri Mkuu, na maswali ya papo kwa papo ya Alhamisi, yaliyoanzishwa chini ya Kanuni za mwaka 2007 enzi za Spika Samuel Sitta, yalikusudiwa mambo ya sera ya aina hii. Mara nyingi nayo yamegeuka maombi ya barabara na zahanati.

Ya pili ni kalenda. Ushuru wa forodha hauamuliwi Dodoma peke yake. Mawaziri wa Fedha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hukubaliana kwanza nani apunguze nini na nani aruhusiwe kutoza tofauti, kisha bajeti ndiyo husomwa mwezi Juni. Mbunge anayesimama Juni kuhoji ushuru wa mafuta anahoji jambo ambalo limeshakubaliwa na nchi jirani. Mahali pake ni mkutano wa Januari na Februari, wakati alizeti bado iko shambani na waziri hajafunga safari ya kwenda Arusha.

Ukaguzi wa hesabu nao una ugonjwa huo huo wa kuchelewa. Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu kuhusu mwaka wa fedha ulioishia Juni 2022 iliwekwa mezani Aprili 2023, ikajadiliwa na Bunge zima Novemba 2023. Katikati ya hapo bajeti nyingine nzima ilikuwa imepitishwa. Zamani kidogo mambo yaliweza kwenda kasi: Aprili 2012 wabunge walizichachamalia ripoti za aina hiyo, na Mei mwaka huo Rais Jakaya Kikwete akawaacha mawaziri sita, akiwemo wa Fedha. Tangu uchaguzi wa 2020 pia tumepoteza kitu ambacho mchumi hukikumbuka zaidi ya mwanasiasa: hotuba mbadala ya msemaji wa Kambi Rasmi ya Upinzani. Kambi haikuundwa kwa kukosa asilimia 12.5 ya wabunge. Takwimu za hotuba hizo hazikuwa sahihi siku zote, lakini ziliilazimu wizara kuhakiki za kwake.

Sakata la sukari la 2024 linafaa kutajwa hapa. Luhaga Mpina, aliyekuwa Mbunge wa Kisesa na waziri wa zamani wa mifugo, alidai kwamba Waziri wa Kilimo wa wakati huo, Hussein Bashe, alilidanganya Bunge kuhusu vibali vya kuingiza sukari. Bashe alikana. Spika akamtaka Mpina awasilishe ushahidi. Aliuwasilisha, kisha akauzungumzia mbele ya waandishi wa habari kabla haujafanyiwa kazi. Juni 24 Bunge lilimsimamisha vikao 15 kwa kulidharau. Sina uwezo wa kuamua nani alikuwa mkweli. Ninachokiona ni kwamba mjadala ulihama kutoka kwenye tani, kampuni na kodi iliyosamehewa, ukaenda kwenye mwenendo wa mbunge mmoja. Mlaji aliyekuwa amenunua sukari kwa bei ya juu mara dufu mwanzoni mwa mwaka ule hakupata hesabu yake.

Wanaosema kwamba maswali ya bungeni ni maneno matupu wangefika Kongwa, mwendo mfupi kutoka hapo Kibaigwa. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza hapo mradi wa karanga uliokusudiwa kufika ekari zaidi ya milioni 3 katika Afrika Mashariki na ya Kati, kwa gharama ya kama paundi milioni 25. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000. Zilizofyekwa zilikuwa kama 7,500. Matrekta yalivunjika kwenye mizizi na udongo ulikauka ukawa kama saruji. Waziri wa Chakula, John Strachey, aliulizwa mjini London mara kwa mara: ekari ngapi zimefyekwa, ngapi zimepandwa, paundi ngapi zimeteketea? Wakaguzi nao waliandika kwamba vitabu havikutunzwa ipasavyo. Kwa miaka kadhaa alijibu kwa matumaini, lakini ekari hazifichiki. Januari 1951 mradi ulifutwa, hasara ikiwa kama paundi milioni 36.

Swali la ekari liliulizwa. Swali la mvua ndilo lilichelewa, ingawa Mgogo yeyote wa Kongwa angeweza kueleza mvua za kwao zilivyo na miaka inavyotofautiana. Hakuwa na mbunge. Uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika ulifanyika 1958 na 1959, karanga zikiwa zimeshasahaulika.

Wa leo anaye mbunge, na ana njia nyingine isiyojulikana sana vijijini. Kabla Muswada wa Sheria ya Fedha haujapitishwa, Kamati ya Bajeti hualika wadau kutoa maoni. Wanaofika ni wenye viwanda, waagizaji, benki na washauri wa kodi, wakiwa na majedwali yao. Sijawahi kukutana na chama cha msingi cha ushirika cha Mkalama au Kondoa kilichoniambia kimepeleka hata karatasi moja. Karatasi hiyo ingehitaji mambo machache: gharama ya kulima ekari moja ya alizeti, bei ya gunia kwa misimu mitatu iliyopita, na kiwango cha ushuru wa mafuta ya nje kilichokuwepo kila msimu. Nakala moja ingekwenda kwa mbunge wao mwezi Januari, ili naye asisimame Juni.